Kumlinda Mtoto na Maradhi ya Paka wa Nyumbani: Mwongozo kwa Wazazi wa Unguja na Pemba

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba paka ni mwenyeji. Hulala barazani, huzunguka uani wakati samaki wanapoparwa, na watoto humbeba kutwa nzima bila ya mtu kuwakataza. Mwongozo huu haukuandikwa kuyavunja mapenzi hayo. Umeandikwa kwa sababu yapo maradhi kadhaa ambayo watoto wadogo huyapata kwa paka, mengi yake huzuilika kwa kazi ndogo za kila siku, na kwa sababu hofu ya wazazi mara nyingi huelekea pasipostahiki.

Wengi huogopa manyoya, wakiamini kuwa mtoto akiyavuta au akiyameza atapata pumu au kifua kikuu. Kifua kikuu tunachokijua mitaani huenezwa na mtu mgonjwa anayekohoa, si na manyoya. Pumu nayo haiambukizi. Ni kweli kwamba mtoto ambaye tayari ana pumu au mzio anaweza kubanwa na kifua akiwa karibu na paka, kwa kuwa mate na ngozi ya paka vina protini zinazomchokoza, na mtoto wa aina hiyo asilale chumba kimoja na paka. Maambukizo, hata hivyo, hupitia kwingine: kwenye kinyesi, kwa viroboto, kwa kucha na meno, na kwenye ngozi yenye fangasi. Chuoni tunasomeshwa kuwa paka mwenyewe ni twahara na maji aliyoyanywa hayaharibiki kwa udhu, lakini kinyesi chake ni najisi. Mpaka huo unafaa kushikwa vizuri hata katika masuala ya afya, kwa sababu kinyesi ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya hatari tutakayoizungumzia.

Hatua ya 1: Ondoa kinyesi kabla hakijakomaa

Paka aliyeambukizwa hutoa mayai ya minyoo na vijidudu vingine katika kinyesi chake, lakini mengi ya mayai hayo hayawezi kumdhuru mtu siku yanapotoka. Mayai ya toksokara, mnyoo mrefu wa mviringo unaoishi tumboni mwa paka, huhitaji kiasi cha wiki 2 hadi 4 udongoni ndipo yaweze kuambukiza. Safura ya paka, mnyoo mwingine wa tumboni, huhitaji takriban wiki moja ili viluwiluwi vyake, yaani minyoo michanga, viwe tayari kupenya ngozi ya mtu. Toksoplasma, kijidudu kisichoonekana kwa macho, huhitaji siku 1 hadi 5. Kwa hiyo mzazi anayehakikisha kuwa kinyesi kinazolewa kila siku, bila ya kuruka hata siku moja, huziba njia tatu kwa kazi moja. Anayengoja Ijumaa hadi Ijumaa huwa amechelewa, na kinyesi kikishasagika na kuchanganyika na mchanga, kuondoa kile kinachoonekana hakutoshi tena, kwani mayai ya toksokara huweza kubaki hai udongoni kwa muda mrefu, hata kwa miaka.

Mahali pa kuanzia ni lundo la mchanga wa kujengea. Watu wengi visiwani hujenga kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana, na mchanga ulioshushwa mbele ya nyumba hukaa hapo kwa miezi. Paka hupenda mchanga mkavu na laini. Huufukua, hujisaidia, na huufukia. Jioni watoto hulipanda lundo lile lile kwa miguu mitupu, wakapika vyakula vyao vya mchezo na kuchimba mahandaki, kisha wakaitwa kula. Kwa maoni yangu lundo hili linastahiki kuogopwa kuliko paka mwenyewe, kwa kuwa linakusanya vinyesi vya paka wote wa mtaa, wakiwemo mashume wasio na mwenyewe, na linavihifadhi kwenye kivuli na unyevu mpaka mayai yakomae. Lifunike kwa turubai siku ile ile linaposhushwa, na uwekee mawe pembezoni pasibaki upenyo. Ikiwa limeshatumiwa na paka kwa muda, usitegemee kulisafisha: wakataze watoto kulichezea, na liharakishwe kuingia kwenye ujenzi.

Bustani ndogo ya mchicha uani nayo huvutia paka, hasa udongo unapokuwa umetifuliwa. Zungushia matawi yenye miba au wavu, na mboga zote za bustani hiyo zioshwe kwa maji mengi kabla ya kupikwa, na kwa uangalifu zaidi zikiwa za kuliwa mbichi.

Ufukweni hali ni tofauti kidogo. Viluwiluwi vya safura hukaa kwenye mchanga mkavu, juu ya mstari wa maji makuu, chini ya minazi na mivinje ambako paka na mbwa hupumzika. Mchanga mbichi unaooshwa na maji kujaa na kupwa kila siku una hatari ndogo zaidi. Watoto wacheze huko chini, wavae ndara wanapopita mchanga mkavu, na wakikaa kivulini watandikiwe mkeka, kwani kanga nyepesi iliyolowa haizuii viluwiluwi kupenya.

Ndani ya nyumba, mpatie paka choo chake. Beseni pana lenye mchanga mkavu au unga wa mbao wenye kina cha vidole vinne linatosha, na paka wengi hulizoea upesi likiwa mahali pa faragha. Liwekwe mbali na jiko na mbali na mtoto anayetambaa. Kila siku mtu mzima azoe kinyesi kwa kijikoleo kilichotengwa kwa kazi hiyo, akitumbukize katika choo cha shimo au akifunge kwenye mfuko kabla ya kukipeleka jaani, kisha anawe kwa sabuni. Mara moja kwa wiki mchanga wote umwagwe, beseni lioshwe kwa sabuni, na limiminiwe maji yanayochemka, yaachwe humo kwa dakika tano au zaidi. Ninasisitiza maji ya kuchemka kwa sababu watu huamini klorini inaua kila kitu, ilhali mayai ya toksokara na toksoplasma hustahimili klorini ya kawaida ya nyumbani.

Mama mjamzito asifanye kazi hii. Akipata toksoplasma kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kijidudu hicho kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho na ubongo. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Inatosha mtu mwingine achukue zamu, na kama hakuna mwingine, mama avae glavu au afunike mikono kwa mifuko ya plastiki, azoe kila siku bila ya kulimbikiza, na anawe vizuri.

Hatua ya 2: Mpe paka chakula kilichopikwa na dawa za minyoo

Paka hupata toksoplasma kwa kula panya, ndege na nyama mbichi. Wakati wa Sikukuu ya Mfunguo Tatu, na kila kuku anapochinjwa nyumbani, matumbo na mapafu hutupiwa paka yakiwa mabichi. Yachemshwe kwanza. Vichwa na matumbo ya samaki navyo ni bora vipikwe, ingawa hatari ya toksoplasma hutoka zaidi kwenye nyama ya wanyama na ndege. Nyama isiyoiva humdhuru mtu mwenyewe moja kwa moja kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo mishikaki ya mtoto na ya mama mjamzito iive mpaka ndani.

Vitoto vya paka ndivyo vyenye toksokara nyingi kuliko paka wakubwa, kwa sababu huambukizwa kupitia maziwa ya mama yao tangu siku za mwanzo. Ndivyo pia watoto wanavyovipenda zaidi. Mtaalamu wa mifugo aghalabu hushauri kuanza dawa kitoto kikiwa na umri wa wiki 3, kurudia kila baada ya wiki 2 mpaka kifikishe wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na baada ya hapo mara kadhaa kwa mwaka. Mama yao apewe dawa pamoja nao. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo mpeleke paka katika ofisi ya mifugo ya wilaya au kwa daktari wa wanyama badala ya kukisia kwa kuvunja kidonge cha mtu. Tahadhari moja ni ya lazima: kamwe usimpe paka paracetamol, hata kipande kidogo, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja na humuua.

Hatua ya 3: Pambana na viroboto

Kiroboto si kero tu. Ndiye anayeeneza baina ya paka bakteria aitwaye bartonela, anayesababisha homa ya mkwaruzo wa paka, na ndiye anayebeba mnyoo tegu unaoweza kumwingia mtoto akimmeza kiroboto bila ya kujua, kwa mfano anapombusu paka au anapotia vidole kinywani baada ya kumchezea. Kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, mchane paka shingoni na kiunoni juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Vitone vyeusi vinavyogeuka wekundu kwenye maji ni kinyesi cha viroboto, chenye damu ndani yake.

Viroboto wengi, pamoja na mayai na viluwiluwi vyao, hawako juu ya paka bali wako chini: kwenye mkeka anaolala, kwenye magunia, kwenye nyufa za sakafu. Fua matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki, toa mikeka juani, fagia nyufa na pembe za vyumba, na dawa ya paka irudiwe kwa wakati kama utakavyoelekezwa. Dawa yenyewe iwe ya paka. Kila mwaka paka hufa kwa kuogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe, au kwa kupakwa dawa ya mbwa yenye permethrini, ambayo ni sumu kwa paka, na mtoto anayemkumbatia paka aliyepakwa dawa ya josho naye hupatwa na sumu hiyo mikononi. Mafuta ya taa nayo yasitumiwe.

Hatua ya 4: Mikono, kawa na kitanda

Sisi hula kwa mkono, na watoto wengi hula pamoja kwenye sinia moja, kwa hiyo mkono wa mmoja ni mkono wa wote. Kunawa kwa maji matupu hakutoshi. Sabuni iwekwe pale pale penye ndoo na kata, na kila mtoto anawe kabla ya kula na kila anapotoka kwenye mchanga au kumchezea paka. Kucha za watoto zikatwe fupi, kwani uchafu wa mchanga hujificha chini yake. Kunawa huku kunamkinga pia na vijidudu vya kuharisha ambavyo, tofauti na mayai ya minyoo, huambukiza tangu siku kinyesi kinapotoka.

Chakula kifunikwe kwa kawa, mtungi wa maji uwe na kifuniko, na paka awe na kisahani chake kisichooshwa pamoja na vyombo vya watu. Asilale na mtoto mchanga, wala asiingie ndani ya chandarua chake. Mtoto mwenye kidonda wazi asiachwe alambwe, maana mate ya paka yana bakteria wanaopenda kuingia kwenye jeraha.

Hatua ya 5: Mtoto akiumwa au akikwaruzwa

Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na paka, na afundishwe mapema mambo matatu: hamvuti mkia, hamgusi anapokula au anapolisha watoto wake, na hamshiki paka asiyemjua. Kucha za paka zinaweza kukatwa ncha tu, bila ya kugusa sehemu ya waridi yenye mshipa wa damu.

Ajali ikitokea, kabla ya jambo lolote jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mtoto atalia; mshike, na mtu mwingine amimine maji kwa kata bila ya kukatisha. Usipake chumvi, kahawa, dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa, na usifunge jeraha kwa kulibana. Kisha mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa ameumwa kwa meno, hata kama kinachoonekana ni vitundu viwili vidogo. Meno ya paka ni membamba kama sindano: hupeleka bakteria ndani kabisa, mara nyingine mpaka kwenye kiungo au mfupa, huku juu pakifunga haraka. Mkono unaovimba, kuwa mwekundu na kuuma sana ndani ya saa 12 hadi 24 unahitaji dawa za kuua bakteria bila ya kuchelewa, na kwa jeraha la mkononi au usoni daktari huweza kuziandika hata kabla ya uvimbe. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto ili aangaliwe kama chanjo za pepopunda zimekamilika.

Kuhusu kichaa cha mbwa, jina lisimpumbaze mtu. Paka aliyeumwa na mnyama mwenye ugonjwa huo huupata na humwambukiza mtu, na dalili zikishaanza kwa mtoto hakuna tiba ya kutegemewa. Pemba imetufundisha mengi katika jambo hili: kwa kuwachanja mbwa, ugonjwa ulikatika kisiwani mwaka 2014, ukaingia tena mwishoni mwa 2016 wakati kiwango cha chanjo kilipokuwa kimeshuka, na chanjo ilipoimarishwa ukakatika tena mwaka 2018. Kisiwa kilichosafika kinaweza kuletewa ugonjwa na mnyama mmoja tu aliyepakiwa chomboni. Kwa hiyo, kila jeraha la meno au mkwaruzo uliotoa damu uelezwe hospitalini, na daktari ndiye ataamua kuhusu chanjo, ambayo dozi yake ya kwanza hutolewa siku ile ile na nyingine siku ya 3 na ya 7, na kwa baadhi ya ratiba huongezwa moja baadaye. Paka anayejulikana afungiwe na atazamwe kwa siku 10. Akiugua, akibadilika tabia au akifa, ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja. Usimuue wala usimtupe, kwa sababu utakuwa umepoteza ushahidi unaohitajika. Na chanjo ya mtoto isingoje siku hizo 10 zipite, ila kama daktari ameamua hivyo.

Hatua ya 6: Zijue dalili

Choa hutokea kama duara la ngozi yenye magamba na ukingo ulioinuka, linalowasha. Kichwani huitwa mapunye, na nywele hukatika kwenye mabaka. Mtoto anaweza kuyapata kwa paka mwenye vipara masikioni, usoni au miguuni, au hata kwa paka asiyeonesha kitu, lakini mapunye mengi ya watoto wa skuli hutoka kwa watoto wenzao, kwa kofia, vitana na mashine za kinyozi, kwa hiyo paka asihukumiwe haraka. Choa cha mwilini hutibiwa kwa krimu ya fangasi, ikiendelea kupakwa kwa siku kadhaa baada ya alama kutoweka. Mapunye hayaponi kwa krimu, kwani dawa haifiki kwenye shina la unywele. Yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa madukani kwa kila aina ya upele, hutuliza muwasho kwa siku chache na kuuacha ugonjwa ukienea chini kwa chini, zikwepe. Paka atibiwe wakati huo huo, na mito na makofia yafuliwe.

Mstari mwekundu unaopindapinda chini ya ngozi ya unyayo au makalio, unaowasha sana usiku na kusogea kila siku, ni kiluwiluwi cha safura ya paka au mbwa. Hakiwezi kukomaa ndani ya mtu na hatimaye hufa, lakini mtoto anaweza kujikuna mpaka akatoka vidonda, nayo dawa ya kumeza hukimaliza haraka. Hakuna haja ya kukichimba kwa sindano.

Tezi iliyovimba kwapani, shingoni au kwenye kinena, wiki 1 hadi 3 baada ya mkwaruzo, pamoja na kipele kidogo pale kucha zilipopita na pengine homa nyepesi, huashiria homa ya mkwaruzo wa paka. Watoto wengi hupona bila ya dawa, ingawa uvimbe huchukua miezi 2 hadi 4 kuisha. Usikubali mtoki huo uchanjwe kwa wembe. Mpeleke akapimwe hata hivyo, hasa akikonda, akitoka jasho usiku au uvimbe ukizidi wiki tatu, kwa kuwa kifua kikuu cha tezi hufanana nao na matibabu yake ni mengine kabisa.

Vipande vyeupe mfano wa punje za mpunga kwenye kinyesi au nguo za ndani za mtoto hutokana na tegu ya kiroboto, na hutibika kwa praziquantel, dawa ambayo wengi wanaifahamu kutokana na kampeni za kichocho.

Toksokara ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hujificha. Viluwiluwi vyake hutoka tumboni mwa mtoto vikazunguka kwenye ini, mapafu na mara chache jicho. Watoto wengi hawaoneshi lolote. Wengine hupata homa za mara kwa mara, kikohozi chenye mlio kifuani na maumivu ya tumbo, wakatibiwa pumu au malaria bila ya nafuu. Jicho huathirika kimya kimya, kwa kawaida moja tu, na mtoto mdogo hasemi kwamba haoni. Mfunike jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, na utazame kama anakasirika au anapapasa linapofunikwa lile moja tu, maana huenda lile lililobaki wazi halioni vizuri. Makengeza yaliyoanza ghafla au weupe ndani ya mboni ni sababu ya kumpeleka kwa daktari wa macho juma hilo hilo. Kidonge kimoja cha minyoo kinachotolewa skuli hakitibu toksokara iliyoingia mwilini. Dawa yake huchukua siku kadhaa na husimamiwa na daktari.

Unapofika hospitalini kwa dalili yoyote kati ya hizi, anza kwa kumwambia daktari mambo ambayo huenda asiyaulize: kwamba nyumbani kuna paka, au kitoto cha paka kilichokuja karibuni, kwamba mtoto hula udongo au huchezea mchanga, na mchanga wenyewe uko wapi, lini alikwaruzwa au aliumwa, na dawa gani amekwishapewa, za dukani na za kienyeji pia. Mtaje na yeyote nyumbani mwenye mimba, anayeishi na VVU au anayetumia dawa zinazopunguza kinga, kwa sababu kwao maradhi haya huwa makali zaidi na ushauri watakaopewa utatofautiana na wa mtoto.